Panzi wa mihogo: acha kumkimbiza, chimba mayai yake

Wenzangu wa mihogo, yule panzi wa rangi rangi, njano, nyeusi na chungwa, ukimshika tu mkono unanuka hadi jioni, wataalamu wanamwita Zonocerus elegans. Wengi tunakuja kumstukia akiwa mkubwa, keshamaliza kisamvu anabandua magome, ndo tunakimbilia dawa. Mi mwenyewe msimu juzi nilipiga dawa shamba zima, panzi wakafa kweli, kumbe walishataga zamani, hela ikaenda bure na mwaka uliofuata wakarudi vilevile.

Sasa sikia, huyu kwa mwaka anatoa kizazi kimoja tu, na sehemu kubwa ya huo mwaka yuko ardhini kama yai, hakimbii wala haruki, hapo ndo pa kumkamatia. Ukiona wakubwa wamepandana na wanajazana sehemu moja yenye kivuli na udongo laini, mfano chini ya vichaka pembeni ya shamba, chunguza majike, utaona wamechomeka mkia ardhini. Wanataga wengi pamoja, kila jike na kifuko chake chenye makumi ya mayai, amekifunika na povu ambalo likikauka linashikana na udongo. Chomeka kijiti hapohapo maana baada ya wiki mbili utapasahau kabisa, we niamini.

Wakiisha kutaga chukua jembe, huna haja ya kwenda chini sana, ni sentimita chache tu, geuza udongo vifuko vitoke juu, vivunje uviache juani vikauke. Kama una kuku wafungulie, hiyo kazi wanaiweza kuliko sisi. Mayai yanakaa miezi kadhaa ila usibweteke. Na ongea na jirani mfanye pamoja, la sivyo wa kwake watahamia kwako.

Yatakayokuponyoka yataangua. Panzi hapitii ubuu kama kipepeo, katoto kanatoka kakiwa panzi tayari, keusi kenye madoa, mabawa bado, kanajivua ngozi mara tano au sita ndo kanakua. Wakiwa wadogo wanalala makundi makundi kwenye magugu, we wawahi alfajiri wakiwa wamezubaa na baridi, wakung'utie kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Ila watoto waambieni hawa sio senene, wasije wakawakaanga. Wanakula majani yenye sumu na ile sumu wanaitunza mwilini.