Unataka kazi na watoto wadogo? Zunguka kwanza, kozi baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nisomee nini ili nifanye kazi na watoto wadogo", na mimi huwa namrudishia mtu swali, umewahi kukaa asubuhi nzima kwenye kituo cha watoto ukaangalia tu? Karibu wote hawajawahi. Mtu anapenda watoto, watoto wa dada yake wakimwona wanamkimbilia, basi anaenda moja kwa moja kulipia kozi ya ualimu wa chekechea, afu mwaka wa pili ndo anagundua kumbe kusimama mbele ya watoto ishirini kunamchosha vibaya, ila akikaa na mzazi mmoja akamsikiliza anaweza kumaliza siku nzima bado yuko freshi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, ipo, na ina njia yake. Sema hakuzunguka akaiona.

Kwa hiyo tuongelee kuzunguka. Tenga wiki tatu hivi, daftari moja, na vocha ya simu.

Anza na umri, manake hapa watu wanajifungia mlango wenyewe. Ukisema watoto wadogo wengi wanawaza miaka mitatu mpaka sita, basi. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa mwaka 2005 iliweka utoto wa awali kuwa ni wote walio chini ya miaka 8, kuanzia kuzaliwa, na watu wa lishe wanarudi nyuma zaidi, wana siku zao 1000 ambazo hesabu yake ni rahisi tu, siku 270 za tumboni jumlisha 365 mara mbili za miaka miwili ya kwanza. Yaani huduma zinaanza mama akiwa mjamzito na zinaenda mpaka mtoto ameshazoea darasa la kwanza au la pili, na katikati hapo kuna kazi kibao zisizo na ubao wala chaki.

Sasa chora ramani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaogawa mahitaji ya mtoto mdogo mafungu matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Wenyewe waliuandika kwa ajili ya serikali na wapanga mipango ila mimi nautumia kutafutia kazi, unachukua karatasi unapiga safu tano, kila safu unaandika nani eneo lako anaifanya hiyo kazi. Afya itajaa haraka, kliniki ya mama na mtoto, wodi ya watoto, wahudumu wa afya wa jamii. Kujifunza nako utaandika chekechea zote unazozijua, ongeza maktaba yenye kona ya watoto na vikundi vya michezo. Ulinzi kuna ofisi ya ustawi wa jamii, makao ya watoto, dawati la polisi la watoto kama lipo. Safu itakayobaki nyeupe ni ile ya malezi yenye mwitikio, na usiiruke kwa sababu ni nyeupe. Hiyo ndo ya watu wanaotembelea nyumba wanamwonyesha mzazi jinsi ya kuongea na mtoto ambaye bado hajui kuongea, kumjibu akitoa sauti, kumtengenezea kitu cha kuchezea kwa vilivyopo ndani. Hawana jengo lenye kibao barabarani, ndo maana hukuwahi kuwaona.

Kuwapata hao na wengine, usianze na intaneti. Intaneti inakuletea wenye hela ya kutengeneza tovuti. Anza na watu wanaopokea watoto, uwaulize swali moja tu ambalo jibu lake ni jina la mahali. Kwa nesi wa kliniki, "mtoto akionekana amechelewa kukaa au kuongea mnampeleka wapi?" Swali hilo peke yake limewahi kunipa majina manne ndani ya dakika mbili, mawili nilikuwa napita mlangoni kwao miaka yote nikidhani ni ofisi za kawaida tu. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza, "watoto wanaokuja wameiva wanatoka wapi?" Kwa ofisi ya serikali ya eneo lako omba kuona orodha ya vituo vya kulelea watoto vilivyosajiliwa. Ukimaliza hapo ndo ingia mtandaoni kuhakikisha.

Kuhusu mashirika makubwa yenye majina, watu wanayaogopa au wanayakimbilia, yote mawili sio. Save the Children ilianzishwa London mwaka 1919, SOS Children's Villages ilianzia Austria mwaka 1949, ni mashirika ya siku nyingi na ajira zao zina foleni ndefu. Ila makubwa mengi hayafanyi kila kitu yenyewe, yanafanya kupitia vikundi na mashirika madogo ya hapohapo, kwa hiyo fungua ripoti yao ya mwaka, ruka picha, ruka barua ya mkurugenzi, nenda walipotaja washirika. Hao wadogo ndo unaowatafuta, huko mtu mmoja anafanya kazi tatu na wewe utajifunza zote tatu. Kuna pia OMEP, shirika la dunia la elimu ya awali, ilianza mwaka 1948, hiyo ni ya watu wa elimu ya awali wenyewe na ina kamati nchi nyingi, nzuri kwa kujuana na watu wa fani.

Kila jina kwenye ramani yako andika pembeni hela inatoka wapi. Serikali, ada za wazazi, au mfadhili. Hili watu wanaona ni uchoyo kuuliza lakini ndo linaamua maisha yako: penye ada mshahara unategemea wazazi wamelipa, penye mfadhili mkataba unakufa siku mradi unapoisha hata kama unachapa kazi vipi, penye serikali kuna utulivu ila mlango wenyewe unafunguka kwa nadra. Na tusidanganyane, sehemu nyingi duniani anayelea watoto wachanga analipwa chini ya mwalimu wa shule ya msingi, japo ukimuuliza yeyote aliyefanya zote mbili atakwambia ipi inauma mgongo.

Haya, ziara. Tuma ujumbe mfupi, sio barua ya kurasa mbili. Mimi nilituma barua tano ndefu za heshima nikajibiwa moja. Huu mfupi ulifanya kazi zaidi: "Habari za kazi. Nafikiria kuingia kwenye malezi na elimu ya awali, bado sijachagua kozi. Naomba kuja asubuhi moja tu, saa mbili hadi saa tano, nikae pembeni niangalie. Sitapiga picha wala kuuliza habari za mtoto yeyote. Nitakuja na kitambulisho." Sentensi ya picha ndo inayofungua mlango, mameneja wamechoka na wageni wanaokuja kupiga selfi na watoto wa watu.

Siku yenyewe fika mapema kabla wazazi hawajaanza kuleta watoto, manake dakika ishirini za getini zinakwambia kituo kikoje kuliko maelezo yote ya ofisini. Mtoto akigoma kuachwa, angalia mlezi anafanya nini. Niliwahi kumwona mama mmoja, mlezi, hakumvuta mtoto wala hakumwambia "nyamaza, mtoto mkubwa halii". Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akamwambia "umeudhika mama anaondoka", akanyamaza, mtoto akaendelea kulia, naye akaendelea kuchuchumaa. Afu akamuuliza twende dirishani tumpungie au tumpungie hapa? Mtoto akaonyesha dirisha kwa kidole. Dakika nne hivi yote ikaisha. Nilikuwa na daftari langu mkononi sijaandika hata neno, na hapo ndo nikajua hii kazi ni ya ufundi, sio ya kupenda watoto tu.

Daftari lenyewe lilinitia aibu kwanza. Nimekaa kwenye kiti kirefu katikati ya chumba naandika kama mkaguzi, watoto wote wakaacha michezo wakanizunguka wanataka kuchora kwenye kurasa zangu, darasa likavurugika, mwalimu akanitazama tu. Kaa chini, pembeni, andika ukishatoka.

Vingine vya kuangalia: hesabu watoto, hesabu watu wazima walio nao kweli, sio walioandikwa ukutani. Anayebadilisha nepi anaongea na mtoto au anaongea na mwenzake juu ya kichwa cha mtoto? Picha za ukutani ziko usawa wa macho ya nani? Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyeanzisha mtindo wa kufundisha wenye jina lake, alipofungua shule yake ya kwanza, aliyoiita nyumba ya watoto, Roma mwaka 1907 moja ya mambo aliyoyasisitiza ni samani za kimo cha mtoto na vifaa anavyoweza kuvifikia mwenyewe, kwa hiyo ukiona shule imejiita Montessori afu vifaa vyote viko juu ya kabati lenye kufuli, jina hilo limebandikwa tu. Sehemu nyingi hakuna wa kuwazuia kulibandika.

Na wewe nawe uangaliwe. Sehemu makini itakuomba kitambulisho, watu wa kukudhamini, wengine barua ya polisi ya tabia njema, na itakusainisha kanuni za ulinzi wa mtoto. Ukiona wamekuachia watoto siku ya kwanza bila kuuliza hata jina la pili, usifurahi, ina maana wanamwachia yeyote. Kaka zangu nao wasikate tamaa, utatazamwa kwa jicho la pembeni mwanzoni, dawa ni kuuliza mwenyewe siku ya kwanza "utaratibu wenu wa mtu mzima kutobaki peke yake na mtoto ukoje?" Inamlinda mtoto, inakulinda na wewe.

Kuzunguka kutakuonyesha kazi ambazo hazikuwepo kichwani. Mtaalamu wa matamshi na lugha, mtu wa tiba kazi anayemfundisha mtoto mwenye ulemavu kushika kijiko, afisa lishe, afisa ustawi wa jamii, mkaguzi wa vituo. Hospitali nyingine kubwa zina mtu ambaye kazi yake ni kumwandaa mtoto kwa upasuaji kwa kucheza naye, anamvalisha mdoli bandeji, anamwekea mdoli mrija, mtoto anaelewa kitakachompata. Shule za awali za mji wa Reggio Emilia kule Italia zina mtu wa sanaa kabisa ndani ya shule mwenye karakana yake, kwa hiyo hata mchoraji ana pa kuingilia. Na kuna anayeshika takwimu za mradi, huyo wala halazimiki kukaa na watoto.

Kama unataka kujitolea kabla ya kusoma, toa tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na miezi miwili ya siku chache kwa wiki ni bora kuliko wiki moja ya kila siku. Watoto wachanga wanashikamana na mtu, akija na kupotea wanaumia. Ndo maana mimi simshauri mtu anayeanza aende kujitolea kwa muda mfupi kwenye makao ya yatima, hata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2019 lilitaja waziwazi madhara ya programu za aina hiyo. Nenda kituo cha mchana ambapo kila mtoto jioni anarudi kwao.

Kozi sasa, baada ya yote hayo. Swali la kumuuliza chuo ni moja, saa za vitendo ni ngapi na nitazifanyia wapi? Cheti kimoja cha kufanya kazi na watoto wadogo kinachojulikana sana Marekani, kinaitwa CDA, kinadai saa 120 za masomo na saa 480 za kazi na watoto, yaani vitendo ni mara nne ya darasani. Sio lazima chuo chako kifanane na hicho ila kikikwambia vitendo ni wiki mbili mwishoni mwa mwaka, uliza tena, afu uliza waliomaliza mwaka jana wako wapi, wakupe namba za wawili.

Na kwenye kila kituo ulichotembelea, kabla ya kuondoka muulize mfanyakazi wa kawaida, sio bosi, wangapi wameacha kazi mwaka huu na wamekwenda wapi. Jioni yake tuma ujumbe wa asante wenye kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Mimi niliandika kuhusu yule mlezi na dirisha, na wiki mbili baadaye walikosa mtu wa kushika zamu wakanipigia.