Kupanda mswaki kwa ajili ya ndege na vipepeo

Wakazi wa maeneo makavu, kuanzia Turkana na Tsavo hadi kwenye ardhi ya chumvichumvi ya pwani, wanaufahamu mswaki kwa vijiti vyake vya kusafishia meno. Kwa maoni yangu, hakuna kichaka cha asili kinachostahili zaidi kupandwa mahali ambapo maji ni ya shida, iwapo mwenye kiwanja anataka ndege na vipepeo.

Chuma matunda yaliyoiva, uyaoshe hadi nyama yake yote itoke, kwa kuwa nyama hiyo huzuia mbegu kuota. Sia mbegu zingali mbichi katika viriba vyenye udongo, mchanga na samadi iliyooza, uviweke kwenye kivuli chepesi. Mvua zinapoanza, hamishia miche mahali penye jua, ukiacha angalau mita 3 kati ya mche na mche, kwa sababu matawi ya mswaki hutanuka na kuinama hadi chini. Mwagilia katika kiangazi cha kwanza, na uzungushie miiba, maana mbuzi na ngamia huyapenda sana majani yake. Hukua taratibu, hivyo subira inahitajika.

Ukitafuna jani bichi utasikia ukali unaofanana na wa haradali. Kemikali zinazoleta ukali huo hufukuza wadudu wengi, lakini baadhi ya vipepeo wa jenasi ya Colotis, akiwemo Colotis amata mwenye mabawa ya rangi ya samoni yaliyozungukwa na ukingo mweusi, hutaga mayai yao kwenye majani hayo hayo, na viwavi wao wa kijani huyala mpaka wanapogeuka kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa vipepeo. Kwa hiyo, majani yaliyotobolewa si ugonjwa, na tafadhali usipulizie dawa yoyote: ukiua viwavi, hutapata vipepeo.

Maua yake ni madogo mno, ya kijani kibichi kilichopauka, lakini nyuki hawayapiti. Matunda yakiiva na kuwa mekundu au ya zambarau, shore, kuzumburu na kwezi huja kuyala, na ndio husambaza mbegu. Kata vijiti vya mswaki baada ya matunda kwisha, tena kwenye matawi ya pembeni tu, ili katikati ya kichaka pabaki pamesongamana na ndege wapate pa kujificha.