Taa ya O/D OFF inapepesa: pima umeme wa giaboksi ya A340E kabla ya kuishusha

Giaboksi nyingi za Toyota za miaka ya 1990 hushushwa bure. Gari linakuwa zito kuondoka, gia hazipandi inavyotakiwa, taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, yaani gia ya 4) inapepesa, na fundi anatamka "klachi zimeisha" kabla hajagusa waya hata mmoja. Kupepesa huko ni kontroboksi (kompyuta ya gari) inakwambia kwamba imeona hitilafu ya umeme. Isikilize kwanza.

Somo hili ni la A340E, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, kwa magari yanayosukuma kwa nyuma. Andaa mita ya dijitali, kipande cha waya na spana ya 10.

1. Betri na oili. Injini ikiwa imezimwa betri isome volti 12.4 au zaidi. Ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.5. Kisha pima oili ya giaboksi injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, baada ya kupitisha lever gia zote na kuirudisha P. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, tatizo liko ndani na umeme hautaliponya.

2. Soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kontroboksi. Hakikisha kitufe cha O/D kiko kwenye ON, la sivyo taa itawaka moja kwa moja na hutasoma kitu. Funua kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, washa swichi bila kupiga starta. Soma herufi zilizo kwenye kifuniko mara mbili. Ukigusa +B na E1 unaunguza fyuzi. Taa ya injini nayo itapepesa, wewe hesabu ya O/D OFF. Kupepesa haraka bila kukatika, mara mbili kwa sekunde, maana yake hakuna kodi. Mapigo sita, kituo kifupi, kisha mawili, hiyo ni 62.

42 ni sensa ya spidi namba 1, 61 ni sensa ya spidi namba 2. 62 ni solenoidi S1 (valvu ya umeme inayoelekeza oili ndani ya giaboksi), 63 ni S2, 64 ni SL ya lok-ap (inayofunga konveta isiteleze). Hii 64 huwekwa kwenye kumbukumbu bila taa kupepesa barabarani, kwa hiyo soma kodi hata kama taa imetulia.

3. Pima solenoidi. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kukimbilia kununua solenoidi. Chomoa plagi iliyo ubavuni mwa giaboksi, pima kila pini ya solenoidi dhidi ya bodi ya giaboksi. Ikiwa baridi isome ohm 11 hadi 15. Karibu na sifuri ni shoti. Mita isiposoma kabisa, koili au waya wa ndani ya giaboksi umekatika. Rudisha plagi, nenda kwenye kontroboksi, chomoa plagi yake na upime waya uleule dhidi ya bodi. Kwenye giaboksi 13 na huku hakuna kitu? Solenoidi ni nzima, waya ndio mbovu. Ufuate kwa mkono, hasa unapopita karibu na bomba la moshi, na uangalie ukijani kwenye pini za plagi. Maji ya kuoshea injini huingia hapo.

4. Jaribu bila umeme. Chomoa plagi ya solenoidi, tafuta barabara tupu. Ukiwa L gari liwe gia ya 1, kwenye 2 liwe gia ya 3, kwenye D liwe ya 4. Likifuata mpangilio huo kwa nguvu na bila kuteleza, usiruhusu mtu ashushe giaboksi. Ukimaliza, rudisha plagi, kisha futa kodi kwa kuchomoa fyuzi ya EFI sekunde 10 au zaidi.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, taa haipepesi na hakuna kodi, ila gari haliingii gia ya 4 safari nzima.*

Mkuu, angalia kama thamostati (valvu inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate moto) imetolewa. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanazuia injini kuchemsha. Injini isipopata joto lake, kontroboksi hairuhusu ovadraivu wala lok-ap, na mafuta yanakwenda. Rudisha thamostati kabla ya kugusa giaboksi.

*Nikifuta kodi, 62 inarudi gari likishapata moto. Baridi napata ohm 12.*

Pima tena mara tu baada ya safari, plagi ikiwa bado ya moto. Ohm kupanda kidogo ni kawaida. Zikipotea kabisa, koili inakatika kwa joto na solenoidi ibadilishwe. Iko juu ya bodi ya valvu, unaifikia kwa kufungua sampu (trei ya oili chini ya giaboksi) tu. Itamwagika oili karibu lita 2. Kaza bolti za sampu kwa kupishanisha na kwa mkono mwepesi, maana zikizidi sampu inapinda na kuvuja.

*Kodi 61, lakini spidomita inafanya kazi na gia zinabadilika vizuri. Niipuuze?*

Usiipuuze, kaka. Kontroboksi hutegemea sensa namba 2, na ikifa inaazima taarifa ya namba 1, ileile ya spidomita. Ndiyo maana husikii tofauti. Siku namba 1 nayo ikikata, haitakuwa na spidi yoyote ya kubadilishia gia. Anza na plagi ya sensa hiyo kwenye mkia wa giaboksi: ichomoe, ikaushe, angalia pini.