Kuosha kuta na vyombo vya lavaje hapa Goma

Vijana wanaotaka kufungua lavaje, yaani mahali pa kuoshea magari, huniuliza ninatumia sabuni gani. Hakuna anayeuliza ninafagia na nini. Hapa Goma ufagio ndio unatangulia, maji yanakuja nyuma. Vumbi letu jeusi ni mawe ya volkano yaliyosagika: lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwaka 2002, na mawe yake bado tunayakanyaga. Chukua vumbi hilo kati ya vidole viwili, utasikia linakwaruza.

Mimi nililijua kwa hasara. Mteja alileta gari jeusi, bado linanukia upya. Kijana wangu alikuwa ametoka kusugua ukuta. Akaikamua sponji ileile, akaingia nayo kwenye boneti. Jua lilipotoka, boneti yote ilikuwa na miduara kama utando wa buibui. Nikamlipa fundi wa rangi, faida ya wiki ikaishia hapo. Tangu siku ile sponji ya ukuta ina fundo la kamba nyekundu, na ndoo yake pia.

Tunaosha Jumamosi asubuhi, wakati wa salongo, ile kazi ya usafi wa pamoja mtaani, maana wateja hawajaanza kuja. Zima umeme kwanza, funga prizi zote za kuchomekea umeme kwa nailoni. Kisha fagia ukuta ukiwa mkavu, toka darini kuja chini, na pembe zote. Ukirusha maji juu ya vumbi hili unapata tope, nalo linaingia kwenye matundu ya mawe na halitoki tena.

Sabuni ya unga na maji ya vuguvugu vinatosha. Paka kuanzia chini ukipanda juu. Ndiyo, kinyume na kufagia: ukianzia juu, povu linateremka kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Subiri dakika chache, usiache ikauke, halafu suuza kutoka juu. Mashine ya presha isikaribie ukuta wa rangi, rudi nyuma hatua moja. Kwenye ukuta wa mawe ndiyo kabisa, itachimba simenti katikati ya jiwe na jiwe.

Meta moja ya chini ndiyo kazi yenyewe. Pale grisi na matone ya matairi yameshikana. Tumia brashi ngumu na sabuni ya vyombo, usiwe na haraka. Penye kijani cha unyevu, tumia javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, iliyopunguzwa kwa maji. Yale madoa meupe kama chokaa yanatoka kwenye maji ya ziwa Kivu, ambayo yana madini mengi. Hayo yanatolewa na siki. Lakini siku ya siki isiwe siku ya javeli. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayochoma kifua, na lavaje nyingi zina ukuta pande tatu, hewa haina pa kwenda.

Kwa mashine ya presha, chokaa hiyohiyo ndiyo adui. Toa ncha ya bunduki inayorusha maji, iloweke kwenye siki, zibua tundu kwa sindano, suuza. Chujio la pale maji yanapoingilia ninalifungua kila jioni, sisubiri Jumamosi. Maji ya bidoni, yaani ya madumu, yaache yatulie kwanza, chota ya juu, yale ya mwisho yenye mchanga mwagia sakafu. Mashine isizunguke bila maji, mipira ya pampu inaungua. Ukimaliza kazi: zima mota, funga maji, kisha bonyeza bunduki mpaka iache kutema. Wengi wanasahau hilo, halafu wanashangaa mpira wa maji umepasuka.

Sponji na vitambaa vya gari vioshwe mwisho, kwenye ndoo safi, mara mbili. Kikianguka chini, hakirudi kwenye gari siku hiyo, hata bosi akikuangalia vibaya. Chupa ya povu ijaze maji matupu na uipulize mpaka povu liishe, la sivyo sabuni inaganda ndani.

Limebaki shimo la mchanga, pale maji machafu ya kuoshea yanapoacha tope na mafuta. Mafuta yanaelea juu: yafyonze kwa matambara makuukuu kabla hujagusa kitu. Halafu chota tope kwa koleo, liweke kwenye gunia likauke. Usilisukume mtaroni. Mvua ikinyesha litashuka mpaka ziwani, na watoto wanaokuuzia maji wanajaza bidoni zao huko.