Namna ya Kusoma Radi Ndani ya Ukanda wa Mawingu wa Bahari ya Hindi

Kati ya Desemba na Machi, pepo za kaskazi huvuka ikweta na kukutana na pepo za kusini-mashariki, na zinapokutana hewa yenye unyevu hupanda na kujenga ukanda mrefu wa mawingu baharini. Mwongozo huu unamsaidia anayetaka kutambua ni sehemu gani ya ukanda huo yenye dhoruba hai.

Hatua ya 1. Fungua picha ya infraredi (inayoonyesha joto la mawingu) ya setilaiti ya hali ya hewa ya Meteosat inayotazama Bahari ya Hindi, kisha weka alama penye vilele vya mawingu vyenye nyuzi joto -60 za Selsiasi au chini yake. Picha hufuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, kwa hiyo 12:00 ni saa tisa alasiri kwetu Afrika Mashariki.

Hatua ya 2. Linganisha na ramani ya radi ya saa ileile. WWLLN, mtandao wa dunia wa kutambua mahali radi zinapopiga, hunasa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye radi hata mbali na pwani, lakini radi dhaifu nyingi huupita. Ramani tupu si ushahidi kwamba hakuna radi.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe, kwa maana wengi hudhani kila wingu lenye kilele baridi lina radi. Chaji za umeme zinazoleta radi hutengana pale chembe za barafu zinapogongana na punje nzito za barafu laini, katikati ya matone yaliyo chini ya nyuzi 0 ambayo bado hayajaganda. Ili matone hayo yafike huko juu, hewa lazima ipande kwa nguvu. Baharini hewa hupanda polepole zaidi kuliko nchi kavu, na maji mengi hudondoka kama mvua kabla ya kufika kwenye baridi hiyo. Ndiyo maana vipimo vya setilaiti vimeonyesha kuwa radi za nchi kavu ni takriban mara 10 ya zile za baharini. Kwa sababu hiyo, nukta chache za radi ndani ya ukanda wa bahari nazipa uzito mkubwa, hata mvua ikiwa kubwa zaidi kwingine.

Hatua ya 4. Rudia kila nusu saa. Kilele baridi kisicho na radi, kinachotanuka na kufifia kingo, mara nyingi ni mabaki ya dhoruba iliyokwisha.

Hatua ya 5. Kagua njia za meli. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa radi zilikuwa zimeongezeka karibu maradufu juu ya njia kuu ya meli mashariki mwa Bahari ya Hindi, na ukaeleza kuwa moshi wa meli hupunguza ukubwa wa matone ya mawingu. Mstari wa radi ulionyooka juu ya njia hiyo usiuhesabu kuwa nguvu ya ukanda peke yake.