Kumkagua Lulu wa Pomerania kabla ya kulipa: mwili kwanza, kisha tabia

Kazi yangu ni kuosha na kuchana mbwa wadogo majumbani hapa Lubumbashi, na Lulu wa Pomerania ndiye ninayeulizwa habari zake kuliko wengine wote. Watu hulipia manyoya. Lakini mbwa huyu huishi miaka kumi na miwili, hata zaidi, na muda wote huo utaishi na vilivyo chini ya manyoya: mifupa, meno na roho yake. Hivyo ndivyo vya kukagua.

Chukua mizani ya jikoni, tepu ya fundi cherehani na funguo zako. Nenda asubuhi au jioni. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la mchana humlemea, na mbwa aliyelemewa hakuonyeshi tabia yake.

Hatua ya 1: Pima. Lulu aliyekua hupimwa kutoka chini hadi mabegani. Kigezo namba 97 cha FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, kinataka sentimita 18 hadi 24. Wamarekani huangalia uzito: kilo 1.4 hadi 3.2. Zamani walikuwa wakubwa zaidi. Marco, mbwa ambaye Malkia Victoria wa Uingereza alimpata katika mji wa Florence, Italia, mwaka 1888, alizidi kilo tano. Muuzaji akikuambia wake ni wa aina ya pekee, mdogo kuliko wote, na kwa hiyo bei ipande, mwachie. Mbwa mdogo kupita kiasi huvunjika mifupa akiruka tu kutoka kwenye kiti, na akikosa chakula kwa saa chache sukari yake ya damu hushuka hadi akaanguka.

Hatua ya 2: Pasua manyoya kwa vidole. Yako matabaka mawili: la juu ni refu, lililonyooka na gumu kidogo; la chini ni fupi, zito, laini. Hilo la chini ndilo linalosimamisha la juu, na ndilo linalonasa vumbi letu jekundu la kiangazi. Angalia ngozi hadi kwenye mizizi: viroboto, magamba, mabaka. Mtoto wa miezi minne hadi sita huwa amenyonyoka ovyo na miguu imebaki kama vijiti. Usimkatae kwa hilo. Anabadilisha manyoya ya utoto. Mkubwa mwenye upara mgongoni au mapajani ni habari nyingine, huyo aonwe na veterinere, daktari wa wanyama, kwanza. Na tafadhali, usikubali anyolewe hadi ngozini eti kwa sababu ya joto. Mara nyingine manyoya hayarudi, na ngozi inabaki wazi juani. Mchane mara mbili tatu kwa wiki, inatosha.

Hatua ya 3: Kichwa na mkia. Masikio madogo, ya pembetatu, yamesimama na kukaribiana. Macho meusi, yanayong'aa, yasiyotokeza nje. Mkia umelala juu ya mgongo. Pitisha kidole utosini taratibu: kwa mbwa aliyekua, utosi uliobaki wazi ni kasoro inayomwondoa mashindanoni, na kichwa chake hakivumilii kugongwa. Fungua mdomo. Akishapita miezi saba, asiwe na jino la utoto lililosimama sambamba na la ukubwani.

Hatua ya 4: Atembee kwenye sementi. Akiinua mguu wa nyuma, akaruka hatua mbili tatu kwa mitatu, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu, pia ya goti inatoka mahali pake. Ugonjwa huo ni wa ukoo. Omba kumwona mama yake akitembea pia.

Hatua ya 5: Tabia. Hapa usiharakishe. Keti chini, mbali na mwenye mbwa, unyamaze. Lulu mwenye afya ya roho huja mwenyewe, mkia juu, akunuse. Sasa angusha funguo. Kushtuka si kosa. Angalia anafanya nini baadaye. Akirudi kuzinusa, mchukue. Akijificha na kutetemeka hadi unaondoka, au akimng'ata anayemshika, hali hiyo haitaisha kwa kubembelezwa.

Atabweka. Ukoo wake ni wa mbwa walinzi wa nyumba, na kila anayegonga mlango wa lupango, yaani uwanja wa nyumba, atatangazwa. Ukikaa Kamalondo, ambako nyumba zimebanana, anza mapema kumfundisha kunyamaza: akibweka mara mbili, mwite kwa sauti ya chini, mpe kipande cha nyama akishatulia. Kumfokea ni kubweka pamoja naye.

Hajui kwamba ni mdogo. Humvamia mbwa mkubwa wa ulinzi bila kufikiri, kwa hiyo usiwaache pamoja peke yao. Watoto wadogo nao wampakate wakiwa wamekaa chini, maana mikononi mwao huponyoka. Na kama nyumba hubaki tupu kutwa nzima, tafuta mnyama mwingine. Huyu humwandama mtu wake chumba hadi chumba, akiachwa huumia.

Hatua ya 6: Umri na karatasi. Asiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Dai kadi ya chanjo yenye tarehe. Ya kichaa cha mbwa hupewa kuanzia miezi mitatu hivi. Uliza anakula nini, uendelee na chakula hicho hicho wiki ya kwanza, milo midogo minne kwa siku. Mnunulie mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, kwa sababu koo la mbwa hawa hubonyea likivutwa, na kikohozi chake hakiponi kirahisi.