Siki kutokana na maganda ya nanasi

Wauza juisi pale Kibuye, Kisumu, hujaza magunia ya maganda ya nanasi kila siku. Kabla hayajatupwa, kuna siki humo.

Osha nanasi zima kwa brashi kabla ya kulimenya, si baada. Kata na utupe sehemu zilizooza au zenye ukungu. Kilo 1 ya maganda na mioyo migumu, iliyokatwakatwa, inahitaji lita 2 za maji yaliyochemshwa yakapoa, na gramu 200 za sukari. Sukari nguru pia inafaa. Usipunguze sukari, kwani ndiyo inayogeuka kileo, kisha kileo ndicho kinachogeuka asidi. Sukari ikiwa haba, siki itakuwa dhaifu na ukungu utaingia.

Tumia chombo cha kioo au ndoo ya plastiki ya chakula. Alumini huliwa na asidi. Funika kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ufunge kwa mpira. Chandarua hakifai, vijinzi vya matunda hupenya. Usikaze kifuniko, gesi itakipasua chombo.

Koroga mara mbili kwa siku, ukizamisha maganda yanayoelea, maana ukungu huanzia pale juu palipokauka. Kwa joto la Kisumu, povu hutulia baada ya siku 5 hadi 7. Nakuru kuna baridi, ongeza siku kadhaa. Hapo ulicho nacho ni pombe nyepesi, si kinywaji cha watoto.

Chuja, maganda yapeleke kwenye mboji. Sasa kinachotakiwa ni hewa, na hapa ndipo wengi huharibu kwa kujaza chombo hadi shingoni. Bakteria wa siki huishi juu ya uso wa maji na hawafanyi kazi bila oksijeni, kwa hiyo tumia chombo kipana, ukijaze kisizidi nusu. Ongeza mililita 250 za siki hai, isiyopikwa, kwa kila lita. Ile nyeupe ya dukani haina bakteria hai. Funika kwa kitambaa, weka kivulini wiki 4 hadi 6, bila kutikisa.

Utando mzito unaoteleza ni dalili njema. Utando mweupe mkavu wenye mikunjo ni hamira za mwituni: uondoe kwa kijiko. Manyoya ya kijani, buluu au meusi? Mwaga yote. Harufu ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha huashiria hewa haitoshi. Hamishia chombo kipana zaidi, na isipoisha, mwaga.

Siki ikiwa kali vya kutosha, chuja, pasha hadi nyuzi 70 kwa dakika 10, jaza chupa hadi mdomoni na ufunge. Ikibaki na hewa bila kupashwa, bakteria hao hao wataanza kuila asidi.

Itumie kwenye kachumbari, au kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Haitibu kisukari wala presha. Na usiihifadhie mboga kwa miezi kabla ya kupima asidi yake: karatasi za pH, zile zinazobadilika rangi kuonyesha uchachu, pekee hazionyeshi kama asidi imefika asilimia 5.